Karani Abebaye Ofisi Begani

Tiira ni mji mdogo wa dhahabu katika Wilaya ya Busia, Uganda, kwenye nchi iliyo baina ya mji wa Busia na Tororo, ambako mpaka wa Kenya hauko mbali na mlango wa mtu yeyote. Tangu miaka ya 1930 ardhi ya huko imekuwa ikitafutwa dhahabu, na hata leo mashimo ni mengi kuliko mpita njia awezavyo kuyahesabu. Katika mji wa namna hii, kuacha kazi moja na kuifuata nyingine si habari ya kushangaza. Mchimbaji huja na sururu yake na karai lake, akakaa mwezi au mwaka, kisha akasikia uvumi wa mwamba mwingine huko Karamoja, au Migori upande wa Kenya, au hata Geita nchini Tanzania. Kesho yake amefunga virago. Hana meza, hana kiti, wala hana tarehe ya mshahara.

Basi ukiwaambia watu wa Tiira kwamba siku hizi wako makarani, wahasibu na wahandisi wanaoziacha ofisi zao kwa hiari na kuizunguka dunia huku wakifanya kazi njiani, huenda wasistaajabu sana. Watataka kujua neno moja tu: huko waendako wanachimba nini?

Swali hilo laweza kuonekana la mzaha. Lakini kwa askari aliyesimama mpakani, Busia au Malaba, ni swali zito, na makala haya yameandikwa kwa ajili yake.

Wanachochimba ni kazi ile ile ya kalamu, ila imehamia ndani ya kompyuta. Mfasiri, mchoraji, mwalimu wa lugha, mweka hesabu, mwandishi wa programu: hawa wote waweza kuimaliza kazi yao mahali popote penye umeme na intaneti, wakaipeleka kwa tajiri wao aliye nchi nyingine, na ujira ukaingia benki bila ya wao kuonana uso kwa uso. Jambo hili lilikuwapo tangu zamani kidogo, lakini maradhi ya Korona ya mwaka 2020 ndiyo yaliyouvunja mwiko wa ofisi. Milango ilipofungwa, watu wengi mno walilazimika kufanyia kazi nyumbani. Na mtu akishatambua kwamba kazi yake yafanyika sebuleni, hachelewi kujiuliza kwa nini isifanyike Jinja, au Lamu, au Unguja.

Serikali nazo hazikulala. Estonia ilitunga viza ya watu hao mwaka 2020. Mwaka huo huo Mauritius ikaanza kutoa viza ya mwaka mmoja kwa mgeni awezaye kuonyesha kwamba pato lake halipungui dola 1,500 za Marekani kwa mwezi. Namibia ikafuata mwaka 2022, na majirani zetu wa Kenya wakatangaza kibali chao Oktoba 2024. Masharti yanatofautiana, lakini shina lake ni moja: fedha za mgeni zitoke nje ya nchi, naye asinyang'anyane kazi na mwenyeji. Kwa maneno mengine, serikali hizo zimeliuliza swali la Tiira, na zikataka jibu lake kwa maandishi.

Msomaji asidhani kuwa maisha hayo ni karamu. Mtu aliye Busia, mwenye tajiri New York, hulazimika kufuata saa za tajiri. Huko kunapokuwa saa 3 asubuhi na ofisi zinafunguliwa, hapa ni saa 10 au saa 11 jioni, kwa kadiri ya majira ya mwaka. Atafanya kazi hadi usiku wa manane, wakati jirani zake wamelala. Askari aliyewahi kulinda ghala la silaha zamu ya usiku hahitaji kuelezwa mwili husema nini ifikapo saa 9 alfajiri. Tena karani huyo hana mkuu wa kumwamsha, hana paredi, hana kengele. Kama nidhamu haikutoka naye ofisini ikiwa ndani ya begi, safari yake itaishia pale fedha zitakapoishia. (Na tuseme hapa kwa haraka kwamba habari hizi si za kuigwa na mtu aliye katika sare. Karani akitoka ofisini bila ya kuaga hukatwa mshahara. Kwa askari jambo hilo lina jina lake, nalo ni utoro.)

Mfano ulio hai, nao watuhusu kwa damu, ni wa Jessica Nabongo. Bibi huyu alizaliwa Detroit, Marekani, mwaka 1984, na wazazi wake wote wawili ni watu wa Uganda. Alisoma, akaajiriwa na kampuni kubwa ya madawa, akawa na mshahara wa kutosha na njia iliyonyooka mbele yake. Akaiacha. Alikwenda Japani kufundisha Kiingereza, akaenda London kusomea maendeleo ya mataifa, kisha akafanya kazi za ushauri katika Umoja wa Mataifa. Hapo yafaa tuangalie vizuri: kwa miaka mingi hakuwa mtalii. Alihama kutoka kazi hadi kazi, na kila kazi ilimpeleka nchi nyingine. Alipokwisha kuona nchi zipatazo 60 ndipo mwaka 2017 alipotangaza nia ya kuzimaliza zote 195, yaani wanachama 193 wa Umoja wa Mataifa pamoja na Vatikani na Palestina. Aliimaliza hesabu hiyo Ushelisheli tarehe 6 Oktoba 2019. Mwaka 2022 akatoa kitabu juu ya safari zake. Wako waliobishana kama kweli ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Ubishi huo tuwaachie wanaoweka rekodi. Kwetu sisi lililo kubwa ni kwamba safari yenyewe ilikuwa kazi, yenye kampuni ya usafiri, yenye picha na maandishi ya kuuzwa, yenye wadhamini wa kuwaridhisha.

Liko jambo la pili katika habari ya Nabongo ambalo magazeti ya ng'ambo hulipitia juujuu, na ambalo mtu wa mpakani hulitambua mara moja. Bibi huyu ana pasipoti mbili, ya Marekani na ya Uganda. Sheria ya Uganda imeruhusu uraia wa nchi mbili tangu mwaka 2009. Mtu mwenye pasipoti mbili huchagua mlango wa kuingilia. Karani wa Kampala mwenye moja tu hana uchaguzi huo. Akitaka kukaa wiki mbili Ufaransa na kompyuta yake, atajaza fomu, ataonyesha hesabu zake za benki, na tangu Juni 2024 atalipa euro 90 za maombi ya viza, ambazo harudishiwi hata akikataliwa. Mfaransa ajaye Busia naye hulipia viza, ni kweli, lakini ni nadra mtu kumwuliza kama atarudi kwao. Kwa hiyo tunaposikia kwamba dunia imefunguka na mtu aweza kufanyia kazi popote, yafaa tuulize: imemfungukia nani?

Hapa Afrika Mashariki imefunguka zaidi, nasi hatuna budi kulitaja hilo bila ya unyonge. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda huvuka baina ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Kituo cha Busia, ambacho marais wa nchi mbili hizo walikizindua Februari 2018, humhudumia msafiri mara moja chini ya paa moja, badala ya kumpangisha foleni pande zote mbili. Kijana wa Tororo anayetaka kuonja maisha ya kubeba ofisi begani aweza kuanza na Kisumu, Mombasa au Kigali kwa gharama ya nauli ya basi. Hilo halisemwi sana, labda kwa sababu picha ya Kisumu haiwapi watu wivu kama picha ya Paris.

Ndoto hiyo, hata hivyo, ina mwindaji wake.

Wazee wetu wa KAR walioishi hadi kusimulia walikuwa na neno Burma midomoni mwao. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakiwamo askari wa Batalioni ya 4 iliyokuwa ya Uganda, ilishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua za masika ya huko, katika tope na malaria, hadi mto Chindwin. Vijana wa vijijini waliokuwa hawajaiona hata bahari wakajikuta wakipigana na Wajapani msituni. Walikuwa wamekwenda kwa amri na kwa mshahara. Walijua bendera waliyoifuata, na wengi wao walirudi na nishani.

Nchi hiyo ya Burma leo huitwa Myanmar, na vijana wa Afrika Mashariki wamekwenda tena huko, mara hii bila ya bendera. Tangu mwaka 2022 habari zimekuwa zikitufikia za Wakenya na Waganda walioahidiwa kazi ya kompyuta nchini Thailand: mshahara wa dola, chumba cha bure, tiketi ya ndege imelipwa, na sifa inayotakiwa ni kujua Kiingereza na kuandika upesi. Ni ahadi ile ile ya kuacha ofisi na kuiona dunia huku ukilipwa. Walipofika Bangkok walipandishwa magari, wakavushwa mto Moei hadi upande wa Myawaddy, wakanyang'anywa pasipoti. Kazi ya kompyuta ilikuwapo kweli, nayo ilikuwa kuwatapeli watu wa nchi za mbali kwa mapenzi ya uongo na biashara ya uongo. Aliyekataa, au aliyeshindwa kufikisha kiwango, alipigwa. Mapema mwaka 2025 maelfu ya watu wa mataifa mengi walitolewa katika makambi hayo, na miongoni mwao walikuwamo Waganda, Wakenya na Waethiopia.

Walionaswa si wajinga. Wengi wao ni vijana waliosoma, wanaoweza kuitumia kompyuta, yaani ndio hasa wangeweza kuwa makarani wa begani tuliowaeleza. Mwindaji amemchagua mtu wake kwa makini.

Na njia yao mara nyingi hupitia kwetu. Waganda wengi wanaopelekwa ng'ambo kwa siri hawapandi ndege Entebbe, ambako huulizwa maswali. Huvushwa Busia au Malaba kwa basi, au kwa njia za panya, ili wakapandie ndege Nairobi. Ndiyo maana swali la wachimbaji wa Tiira lafaa liwe mdomoni mwa askari. Asiulize kwa ukali, kwa kuwa raia wa Jumuiya ana haki ya kuvuka, na kijana mwenye kompyuta begani si mhalifu. Aulize kama mtu auulizaye msiba wa jirani. Huko uendako utafanya kazi gani? Nani anayekulipa, nawe umekwisha kulipwa naye hata mara moja? Tiketi amenunua nani? Pasipoti yako uko nayo wewe, au ameishika huyo aliyekaa kiti cha mbele? Karani wa kweli hujibu bila ya kusita, tena aweza kukuonyesha kazi aliyoifanya jana, kwa maana kazi yake ilianza kabla ya safari. Aliyedanganywa hujibu kwamba kila kitu ataelezwa akifika.

Sheria ya Uganda ya kuzuia biashara ya binadamu ni ya mwaka 2009, na ya Kenya ni ya mwaka 2010, kwa hiyo afande wa upande huu na wa upande ule wana nguvu ya kutosha wakimwona wakala aliyeongozana na vijana sita wasiojua jina la kampuni iliyowaajiri. Tena liko neno kwa polisi wa vituo vya ndani, Tororo, Busitema na kwingineko, ambako waliorudi kutoka Myawaddy huja kueleza yaliyowapata. Mtu huyo alilazimishwa kutapeli, na aibu yake ni kubwa. Akipokewa kama mshukiwa atanyamaza, na jina la wakala aliyempeleka litanyamaza pamoja naye, ilhali wakala huyo angali anatafuta abiria wa basi la wiki ijayo.