Mpaka wa bahari: Ramani unayotumiwa kwenye simu inakwambia nini?

Kila habari za mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia zinapochacha, simu zetu hujaa ramani. Katika moja mpaka umenyooka kwenda mashariki, katika nyingine umeshuka kusini mashariki, na ya tatu imepakwa wekundu mpaka nchi kavu. Mtu wa Kiunga, Lamu au Malindi hubaki akijiuliza ipi ndiyo ya kweli. Kwa kuwa kazi yangu ni kuchora ramani za kuandamana na habari, leo nitaeleza zinavyochorwa na namna ya kuzisoma.

Ramani ndogo iliyowekwa kando ya habari ina kazi moja tu: kujibu swali la "wapi?" kwa kutupa jicho mara moja. Haihitaji barabara, mito wala jina la kila kijiji. Nchi inayozungumziwa hupewa rangi iliyokolea, majirani wakapewa kijivu hafifu, bahari ikawa ya samawati nyepesi. Pembeni huwekwa ramani ndogo zaidi ya Afrika yenye kisanduku kinachoonyesha tuko sehemu gani. Miji mitatu au minne inayojulikana inatosha. Kwa habari hii mimi ningeweka Mombasa, Lamu, Kismayu na Mogadishu.

Ugumu huanza penye mzozo. Mstari mzima, usiokatika, humwambia msomaji kwamba jambo hili limekwisha. Kwa hivyo kabla ya kuuchora, mchoraji ajiulize maswali matatu: nani anadai, nani anatawala, na sheria imeamua nini? Majibu yakitofautiana, mistari nayo haina budi kutofautiana.

Tuchukue mfano wetu. Tangu 1979, msimamo wa Kenya ni kwamba mpaka wa bahari unakwenda moja kwa moja mashariki, sambamba na latitudo. Somalia ilidai mstari wa kati, ulio na umbali sawa kutoka pwani zote mbili, ambao huelekea kusini mashariki. Kati ya mistari hiyo pana pembetatu ya zaidi ya kilomita 100,000 za mraba. Somalia ilifika mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki (ICJ) mwaka wa 2014. Tarehe 12 Oktoba 2021 majaji waliufuata mstari wa kati, lakini wakausogeza kidogo upande wa kaskazini kwa faida ya Kenya. Kenya, ambayo ilikuwa imesusia vikao vya kusikizwa kwa kesi, iliukataa uamuzi huo.

Basi hapo pana mistari mitatu, na ramani yenye mmoja pekee imeficha miwili. Mimi huchora madai ya Kenya kwa vipande vifupi, madai ya Somalia kwa vitone, na mstari wa mahakama huwa mzima lakini mwembamba, ukiandikiwa: "Mstari wa ICJ, 2021. Kenya haiutambui." Maandishi hayo hukaa juu ya mstari wenyewe, kwani anayesoma kwenye simu hana subira ya kutafuta maelezo chini ya ramani. Eneo lenyewe hulitia michirizi. Rangi peke yake haitoshi, maana wapo wenzetu wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Ramani pia isikatwe karibu mno. Majaji walisogeza mstari kwa kuwa waliitazama pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania kwa pamoja, Pemba ikiwemo, wakaona jinsi Kenya ilivyobanwa katikati. Ukiiacha Pemba nje ya fremu, msomaji hatajua sababu hiyo ilitoka wapi.

Kosa lililo baya zaidi ni kupaka rangi ya mzozo mpaka nchi kavu. Kesi hii ilihusu bahari. Mpaka wa ardhini unaoishia ufuoni haukuwa na ubishi mbele ya majaji, kwa hivyo mstari wake uwe mzima. Wekundu unaopanda ufuoni unamwambia mkazi wa Kiunga kwamba nyumba yake inagombaniwa, na sivyo.

Kwingineko mzozo huwa wa ardhi. Pembetatu ya Ilemi, kaskazini ya Turkana, inasimamiwa na Kenya huku Sudan Kusini ikiidai. Ramani ya haki itaonyesha yote mawili: nani yupo pale na nani anadai.

Wapo watakaosema Mkenya mzalendo achore mstari wa Kenya tu. Ramani ya serikali ina haki ya kutetea msimamo wa serikali. Ramani ya habari ina deni kwa msomaji, na wasomaji wetu wengine ni wavuvi. Anayetoka na chombo kwenda maji makuu akiwa ameonyeshwa mstari mmoja tu hajui ni wapi askari wa upande wa pili watamhesabu kuwa mvamizi. Hilo laweza kumgharimu nyavu, chombo, hata uhuru wake.

Kwa hivyo ukiletewa ramani, angalia mambo matatu kabla ya kuisambaza: imetaja tarehe? Imesema kila mstari ni wa nani? Imetenganisha bahari na nchi kavu? Ikikosa hata moja, usiitume mbele.