Zege Halilali, Fundi Hulala

Chukua kazi ya kawaida ya saiti: kusimamisha mirunda, kufunga mbao, kusuka nondo na kumwaga slebu ya ghorofa ya kwanza, Dar es Salaam. Mpangaji ameipa siku 15 za kazi, ianze Jumatatu tarehe 7 Desemba 2026. Anaiingiza kwenye programu ya kupanga ratiba, tuseme Microsoft Project, na mstari wa buluu unajichora hapo hapo hadi Ijumaa tarehe 25. Zege limwagwe Krismasi, basi.

Hesabu yenyewe haina kosa. Wiki 3 za siku 5 ni siku 15. Ila programu hiyo huja na kalenda tatu tu, ya mchana, ya zamu ya usiku na ya saa 24, na hakuna hata moja kati yake yenye sikukuu ya nchi yoyote. Haijui kwamba Jumatano tarehe 9 ni Uhuru. Mpangaji akiingiza tarehe 9 na 25 kuwa siku zisizo za kazi, mwisho wa kazi unasogea wenyewe hadi Jumanne tarehe 29. Ni sikukuu mbili, lakini tarehe imesogea siku nne, kwa sababu njiani kuna wikendi.

Tabia hii ina asili yake. Mwaka 1957 Morgan Walker wa DuPont na James Kelley wa Remington Rand walianza kubuni njia ya kupata, ndani ya mtandao wa kazi zinazotegemeana, ule mlolongo mrefu kuliko yote unaoamua mradi utaisha lini. Mpaka leo programu za ratiba zinasimama juu ya hesabu hiyo. Lakini mlolongo wenyewe hauna tarehe ndani yake: kazi hii inaisha siku ya 15, ile inaanza siku ya 16. Kalenda ndiyo inayozigeuza namba hizo kuwa Jumanne au Ijumaa. Ukiikosea, mtandao wako unaweza kuwa sahihi kabisa na tarehe zote zikawa za uongo.

Ndani ya Project, muda unahesabiwa kwa dakika. Kila siku ina vipindi vya kazi, kwa mfano saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, kisha saa 7 hadi saa 11 jioni, na programu inatembea juu ya vipindi hivyo ikipunguza dakika za kazi mpaka ziishe. Sikukuu ni kanuni inayolazwa juu ya wiki ya kawaida na kuifuta kwa siku hiyo. Kalenda za watu na mitambo zinairithi kalenda ya msingi, kwa hiyo Nane Nane ukiiandika mara moja inawafikia wote, wakati likizo ya fundi umeme inabaki kwake peke yake. Ukimpa kazi ya usiku mtu mwenye kalenda ya mchana, programu italalamika kwamba kalenda ya kazi na ya mtu huyo hazina saa hata moja zinapokutana.

Mtego unaowanasa wengi uko kwenye neno dogo, siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inaweka ukomo wa kawaida wa saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki. Mkandarasi anapanga saiti ifanye kazi kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni, na saa moja ya chakula. Anabadili kalenda vizuri kabisa. Lakini mahali pengine kwenye mipangilio, siku moja bado imeandikwa kuwa ni saa 8. Sasa kila anapoandika siku 10, programu inaelewa saa 80, inazigawa kwenye siku za saa 9, na kazi inaisha siku ya tisa saa 10 alasiri. Hakuna onyo linalotokea. Ratiba ya mwaka mzima inaweza kusinyaa hivyo, na kila mtu akafurahi mpaka kazi zianze kuchelewa.

Turudi kwenye slebu. Mhandisi anataka mirunda isitolewe mpaka siku ya 28, siku ambayo kwa kawaida vipande vya majaribio hupondwa kupima nguvu ya zege. Saruji inaendelea kuungana na maji usiku na mchana, Jumapili na Mwaka Mpya. Ukiandika siku 28 kama kazi nyingine yoyote, programu itaruka wikendi zote, tarehe 1 Januari na Mapinduzi tarehe 12, na kukupa tarehe 9 Februari 2027. Ukiandika siku 28 za mfululizo, zile zisizotii kalenda, unapata tarehe 26 Januari. Wiki mbili nzima zilikuwa za hewa! Kwa maoni yangu hili ndilo swali la kwanza la kuuliza kuhusu kila mstari wa ratiba: nani anaifanya kazi hii, binadamu au kemia? (Kibarua wa kumwagilia zege siku ya sikukuu ni jambo jingine, huyo aandikiwe kazi yake na malipo yake.)

Kuchanganya kalenda kuna gharama yake. Zege likimwagwa Jumamosi, siku 28 zinaisha Jumamosi, na mafundi wanaingia Jumatatu. Hapo programu inaona zege lina nafasi ya kuchelewa, hivyo hailipaki nyekundu ya kazi nyeti, na ule mlolongo unaoamua mwisho wa mradi unaonekana umekatika katikati. Dawa ni kupandisha kidogo kiwango cha nafasi kinachohesabiwa kuwa nyeti, Project inaruhusu.

Sikukuu nazo hazifanani. Muungano tarehe 26 Aprili unaandikwa mara moja na kurudiwa kila mwaka. Umuganda wa Rwanda, asubuhi ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, unaandikika vilevile kwa kanuni moja. Pasaka haikubali kanuni hizo, ingawa tarehe zake zinajulikana miaka mingi mbele, kwa hiyo iandike mwaka kwa mwaka. Kenya, sikukuu ikiangukia Jumapili inahamia Jumatatu: Mashujaa ya mwaka 2024 ilipumzikwa tarehe 21 Oktoba, na aliyeandika tarehe 20 kila mwaka alikuwa ameiongeza siku ambayo tayari ni ya mapumziko. Na hakuna kanuni ambayo ingeotea tarehe 13 Novemba 2023, Wakenya walipopewa siku ya kupanda miti kwa tangazo lililotoka siku chache tu kabla.

Idi iko katikati. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, hivyo kila mwaka inarudi nyuma kwa siku kama 11, na Ramadhani itaanza mara mbili ndani ya mwaka 2030, Januari na Desemba. Tarehe inakadirika, uhakika unakuja mwezi ukiandama. Wapangaji wazoefu huweka tarehe inayokadiriwa na hawapangi kumwaga zege siku ya kabla yake wala ya baada yake.

Mradi ukiagiza vifaa Muscat, ongeza kalenda ya pili. Tangu Mei 2013 mapumziko ya wiki Oman ni Ijumaa na Jumamosi, hivyo ofisi ya huko na ya Dar inayofunga Jumamosi na Jumapili zinakutana siku nne tu, Jumatatu hadi Alhamisi. Kuanzia Juni hadi Agosti kazi za juani husimama huko saa 6:30 mchana mpaka saa 9:30 alasiri, na wakati wa Ramadhani saa za kazi za Waislamu hupunguzwa.

Kabla ya kuongeza sikukuu yoyote iliyotangazwa ghafla, hifadhi nakala ya ratiba ya awali, maana mistari yote itasogea na hutajua tena nani alichelewesha nini. Kisha fungua mkataba usome maana ya siku. Katika masharti ya mikataba ya ujenzi ya FIDIC ya mwaka 1999, siku ni siku ya kalenda, Jumapili na Idi zikiwemo. Kwa mkataba wa namna hiyo, ratiba itaruka tarehe 9 Desemba lakini siku za mkataba zitaendelea kuhesabika.