Kuhama SharePoint: gharama haiko kwenye seva

Masijala ya kampuni nyingi za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ilishatoka kwenye makabati ya chuma. Imo ndani ya seva ya SharePoint iliyofungwa miaka kadhaa iliyopita, katika chumba chenye kiyoyozi pembeni mwa ofisi ya uhasibu. Humo mna mikataba, mihtasari ya vikao vya bodi, fomu za masurufu na za likizo, barua za benki, na picha za Mei Mosi ambazo hakuna aliyezifungua tangu zipakiwe. Seva hiyo imewekewa tarehe: Microsoft ilipanga 14 Julai 2026 kuwa mwisho wa msaada kwa matoleo ya SharePoint Server 2016 na 2019. Wenye toleo la 2013 waliachwa tangu 11 Aprili 2023, na wapo ambao wangali nalo.

Tarehe ya namna hiyo haizimi mtambo. Kesho yake faili zinafunguka kama jana. Kinachokoma ni viraka vya usalama, na thamani ya viraka ilionekana Julai 2025. Mwezi huo wadukuzi walipitia mwanya uliokuwa haujazibwa katika seva za SharePoint zinazoendeshwa na wateja wenyewe, wakaingia katika taasisi nyingi duniani, mojawapo ikiwa wakala wa Marekani unaosimamia silaha za nyuklia. Viraka vya matoleo yenye msaada vilitolewa ndani ya siku chache, lakini aliyekwisha kuiba funguo za seva aliweza kurudi hata baada ya kiraka kubandikwa, hivyo funguo nazo zilibidi kubadilishwa. SharePoint ya wingu haikuguswa. Mwenye toleo la 2013 hakupewa kitu.

Kwa hiyo kuhama si suala la kupenda. Njia ziko tatu, na hazilingani kwa kila mfuko. Ya kwanza ni kubaki na seva yako na kupanda hadi toleo liitwalo Subscription Edition, lililotoka Novemba 2021. Jina lake halina mwaka kwa sababu linasasishwa daima, mradi unalipa. Wenye 2016 na 2019 wanapanda moja kwa moja kwa kuhamisha hifadhidata. Wa 2013 hana budi apitie kwanza 2016 au 2019, yaani ajenge seva ya muda ambayo ataitupa wiki chache baadaye. Julai 2025 bei ya toleo hili ilipanda kwa asilimia 10.

Ya pili ni wingu, yaani Microsoft 365, inayotoza kila mtumiaji ada inayopigwa hesabu kwa dola. Mhasibu aliyeiona dola ikivuka shilingi 160 za Kenya Januari 2024, kisha ikashuka hadi kukaribia 130 miezi michache baadaye, hahitaji kuelezwa ugumu wa kuandika bajeti ya miaka mitatu kwa sarafu asiyoitawala. Ya tatu ni kuachana na Microsoft kabisa. Jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani, lilitangaza Oktoba 2025 kwamba limemaliza kuhamisha masanduku ya barua pepe zaidi ya 40,000 kutoka Exchange ya Microsoft kwenda Open-Xchange na Thunderbird. Huko kuna serikali yenye wataalamu wake na bajeti yake. Kampuni ya biashara ya watu 200 haina jeshi hilo, na sioni sababu ya kuishauri ijaribu.

Nyingi zitakwenda kwenye wingu, na hapo ndipo makadirio ya bei huanza kupotosha. Wauzaji huhesabu vinavyohesabika kwa urahisi: watumiaji, leseni, terabaiti. Kazi inayokula fedha ni kuamua kipi kihame, kipi kibaki na kipi kifutwe, na kazi hiyo haifanywi na fundi.

Chukua matoleo ya faili. SharePoint hutunza nakala ya kila hatua faili inapohifadhiwa. Tangu 2013 seva ya ndani imekuwa ikiweka tofauti tu baina ya hatua na hatua, lakini wingu huhesabu kila hatua kwa ukubwa wa faili nzima. Jedwali la bajeti la megabaiti 10 lililohifadhiwa mara 100 linaweza kumeza gigabaiti nzima. Kampuni hupewa terabaiti 1 ya kuanzia, na gigabaiti 10 kwa kila mwenye leseni, hivyo watu 200 wanapata kama terabaiti 3. Hifadhidata ya terabaiti 2 iliyokaa kwa raha nyumbani inaweza kufura ikavuka kiwango hicho kabla nusu yake haijafika. Ziada inalipiwa, na inalipiwa kila mwezi.

Majina nayo yana ukomo. Anwani nzima ya faili, kuanzia folda ya juu hadi jina lenyewe, haiwezi kuzidi herufi 400. Ofisi zetu ni hodari wa kuupita ukomo huo: kuna «Ripoti ya mwisho», kuna «Ripoti ya mwisho kabisa», na kuna «Ripoti ya mwisho iliyosainiwa na Mkurugenzi nakala ya pili», zote ndani ya folda saba zilizofunikana.

Balaa kubwa liko kwenye fomu. Miaka ya 2010 fundi aliyeijua InfoPath, programu ya Microsoft ya kutengeneza fomu, aliheshimika ofisini, kwa sababu aliwatoa watu kwenye karatasi. Januari 2014 Microsoft ilitangaza kwamba haitatoa InfoPath mpya, na katika wingu imepangiwa kuzimwa siku ileile, 14 Julai 2026. Mitiririko ya idhini iliyojengwa kwa mtindo wa 2013 ilipangiwa kuzimwa huko mapema zaidi, 2 Aprili. Maana yake fomu ya masurufu, inayotoka kwa ofisa kwenda kwa mkuu wa idara, ikapita kwa mhasibu na kupanda kwa mkurugenzi kiasi kikizidi kiwango fulani, haihami. Inajengwa upya kwa Power Automate au chombo kingine. Aliyeijenga mara nyingi ameshaajiriwa kwingine, na masharti yake hayakuandikwa popote isipokuwa ndani ya fomu yenyewe. Fomu 30 za aina hiyo zinaweza kula miezi mingi kuliko terabaiti zote. Ningekuwa mkurugenzi wa fedha, kabla ya kuuliza bei ningeuliza hivi: tuna fomu ngapi zinazohitaji idhini, na ngapi kati ya hizo zimetumika mwaka huu?

Halafu ruhusa. Folda ya mishahara iliyoachwa wazi kwa wafanyakazi wote ilikuwa salama zamani kwa sababu hakuna aliyejua ilipo. Kwenye wingu, utafutaji na msaidizi wa akili unde Copilot humletea mtu chochote ambacho ruhusa zake zinamfungulia, hata kama hakujua kipo. Ruhusa zikaguliwe kabla ya kuhama. La sivyo, baadaye zitakaguliwa na mfanyakazi aliyeuliza swali la kawaida akajibiwa mshahara wa bosi wake.

Kufuta nako kuna mipaka. Sheria za kodi za Tanzania na Kenya zinataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5, kwa hiyo aliye na hamu ya kusafisha aanze na picha za Mei Mosi, si ankara. Kuna pia swali la data inakwenda wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023. Ya Kenya ni ya 2019. Zote zina masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Vituo vya Microsoft vilivyofunguliwa Afrika Kusini mwaka 2019 ni nje ya nchi kwetu sawasawa na vya Ulaya. Mei 2024 kampuni hiyo na G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 nchini Kenya, kikiwemo kituo cha data cha kutumia jotoardhi ya Olkaria, lakini uhamisho unaopangwa leo haupangwi juu ya kituo kinachosubiriwa. Mwanasheria aitwe mwanzoni, mkataba ukiwa rasimu.

Njia yenyewe ya kupitishia mzigo ni nyembamba. Terabaiti 2 kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde zinahitaji saa 44 kama laini hiyo haifanyi kazi nyingine yoyote. Kwenye megabiti 20 ni zaidi ya siku tisa, usiku na mchana. Microsoft nayo hupunguza kasi inapoona mzigo umezidi, na yenyewe inashauri kazi ifanywe usiku na mwisho wa wiki. Ongeza bahari: 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na majirani zao kwa siku kadhaa. Ratiba isiyo na wiki ya akiba imeandikwa na mtu asiyeikumbuka wiki ile.

Zana hazikosekani. Microsoft inatoa yake bila malipo, na kampuni kama ShareGate na AvePoint zinauza nyingine zenye taarifa nzuri zaidi za kilichokwama. Mshauri anayetoza kwa terabaiti hana sababu ya kukusihi ufute kitu. Afadhali alipwe kwa hatua: ukaguzi kwanza na malipo yake, kisha idara moja ya majaribio, kisha nyingine kwa zamu. Uhasibu usiwe wa kwanza, na kamwe usihamishwe karibu na tarehe 20, siku ya ritani za VAT Tanzania na Kenya, wala Juni kwa wanaofunga hesabu mwezi huo. Kila folda kuu ipate mwenyewe, mtu wa idara husika mwenye cheo cha kusema «hii futeni» na akasikilizwa. Idara isiyotoa mtu huyo isubiri zamu ya mwisho.

Siku ya kuhamia, seva ya zamani iwekwe ya kusoma tu na iondolewe kwenye intaneti saa ileile. Miezi mitatu inatosha kwa waliosahau kitu. Tarehe ya kuizima iandikwe kwenye mkataba pamoja na cheo cha atakayeizima, la sivyo itaendelea kuwaka bila kiraka chochote, kisa ofisa mmoja wa manunuzi ana folda yake humo na hajapata nafasi ya kuipitia.