Okoa umeme Desemba, upumue Januari

Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani na wageni wanawasili Isiolo kutoka Nairobi, Meru na Moyale. Taa huwaka hadi usiku wa manane, televisheni haizimwi na friji hufunguliwa kila mara. Gharama yake haiishii Desemba.

Tangu Aprili 2023, bei ya chini kabisa ya umeme wa nyumbani ni ya wateja wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi. Mteja huwekwa kwenye kundi lake kwa wastani wa miezi mitatu. Familia iliyotumia yuniti 28 Oktoba, 28 Novemba na 40 Desemba ina wastani wa 32. Hivyo Januari, wakati wa karo na sare, pesa ileile itanunua yuniti chache zaidi.

Balbu ya kizamani ya wati 60 ikiwaka kwa muda wa saa 5 kila usiku hula yuniti 9 kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana na huo kwa yuniti 1.35 tu. Nguo nazo zipigwe pasi zote kwa pamoja, kwani kila pasi inapoanza kupata moto upya, umeme hupotea.

Wanaopikia kuni au makaa waloweke maharagwe na mahindi usiku kucha na kufunika sufuria. Chai ikichemka iwekwe kwenye thamosi, isipashwe upya kila mgeni anapobisha hodi.