Fahamu: Seli inayojiua ili kukulinda

Kila siku mabilioni ya seli zako hufa kimyakimya: hujikunja, hukatika vipande, kisha jirani zake huvimeza. Hakuna homa wala uvimbe.

Bakteria kama salmonela akipenya ndani ya seli ya kinga, kifo huwa cha kelele. Kimeng'enya kiitwacho kaspesi-1 huamka na kukata protini moja, gasdamini D. Vipande vyake hujipanga duara na kutoboa utando wa seli. Kupitia matundu hayo humwagika interilukini-1, inayoleta homa na kuita askari wengine wa kinga. Seli hupasuka, bakteria hukosa maficho.

Kazi hiyo ya gasdamini D ilifahamika mwaka 2015 tu, baada ya timu mbili, ya Beijing na ya California, kuitangaza karibu wakati mmoja.

Shida ni kelele hizo zikizidi, kama katika sepsisi: kinga humdhuru mwenyewe. Ajabu ni kwamba disulfiramu, dawa ya zamani ya kuwaachisha watu pombe, huzuia matundu hayo yasifunguke. Utafiti wa 2020 ulionyesha iliwaokoa panya wa maabara. Kwa binadamu, bado si tiba ya sepsisi.