Upinde wa Mti: Jinsi Unavyotengenezwa, na Kwa Nini Wafaa Kufundishwa

Watu wengi wauonapo upinde hudhani ya kuwa ni kijiti tu kilichopindwa na kufungwa kamba ncha mbili. Lakini yeyote aliyejaribu kutengeneza upinde wa kweli ajua kwamba sivyo. Kijiti cha namna hiyo huvunjika siku ya kwanza, au hubaki kimepinda bila nguvu ya kuupeleka mshale mbali. Upinde mzuri ni kazi ya fundi. Hata hivyo ufundi wake si wa kichawi, wala hauhitaji mashine. Wahitaji mti unaofaa, chombo kikali, na subira nyingi.

Hapa Kenya ufundi huu ni wa tangu zamani. Wakamba wamesifiwa kwa miaka mingi kwa ustadi wao wa kupiga mishale. Na katika nyika iliyo nyuma ya pwani, kati ya mto Tana na mto Galana, Waata, ambao majirani zao wamewaita Waliangulu, walikuwa wakiwinda ndovu kwa pinde ndefu. Pinde hizo zilipopimwa, nguvu ya kuzivuta ilionekana kuzidi ratili 100, yaani zaidi ya kilo 45. Si watu wengi wasiozoea wawezao kuvuta upinde kama huo mpaka mwisho.

Siku hizi mambo yamebadilika. Mbuga ya Wanyama ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, na mwaka 1977 Serikali ilipiga marufuku uwindaji katika nchi nzima. Sheria hiyo ina sababu njema, kwa maana wanyama ni urithi wa watu wote. Lakini kazi ya chombo ikikoma, ujuzi wa kukitengeneza nao hukaribia kukoma. Ufundi wa upinde ulikaa katika mikono ya wazee, wala si katika vitabu. Mzee akifa bila mwanafunzi, huenda nao kaburini.

MTU WA MWISHO WA KABILA LAKE

Mfano mmoja wa jambo hili watoka mbali, katika jimbo la California huko Marekani. Mwezi wa Agosti mwaka 1911, mtu mmoja mwenye njaa alionekana karibu na mji wa Oroville. Alikuwa mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi, ambalo watu wake walikuwa wameuawa na kutawanywa na walowezi. Kwa desturi ya kwao hakutaka kulitaja jina lake, basi wataalamu wa Chuo Kikuu cha California wakamwita Ishi, neno ambalo katika lugha yake maana yake ni "mtu".

Ishi aliishi katika jumba la makumbusho la chuo hicho mjini San Francisco. Daktari mmoja aliyekuwa akifanya kazi jirani, jina lake Saxton Pope, alivutwa na pinde zake akaomba kufundishwa. Ishi hakumficha kitu. Alimwonyesha jinsi ya kuchagua mti, kuuchonga, kutengeneza mishale na kulenga. Ishi akafa kwa kifua kikuu mwezi wa Machi mwaka 1916. Mwaka 1918 Pope alitoa kitabu juu ya pinde za Wayahi, na kwa maandishi yake watu wengi wa Marekani wakaanza tena kutengeneza pinde kwa mikono. Ishi hakuwa na mtoto wa kumrithisha ujuzi wake, lakini ujuzi huo haukupotea kwa kuwa alikubali kumfundisha mgeni.

JINSI UPINDE UNAVYOFANYA KAZI

Upinde una pande mbili. Upande utazamao mbele, mbali na mpigaji, huitwa mgongo. Upande umwelekeao mpigaji huitwa tumbo. Upinde ukivutwa, nyuzi za mti zilizo mgongoni hunyooshwa kwa nguvu, na zile zilizo tumboni hubanwa. Mpigaji aachiapo, mti hurudi upesi katika hali yake ya kwanza, nao mshale hurushwa.

Kwa hiyo mgongo ndio wenye hatari kubwa. Uzi mmoja wa mti ukikatwa hapo, mpasuko huanza mahali hapo. Mafundi wa Uingereza wa zamani walilijua jambo hili. Meli ya vita Mary Rose ilizama mwaka 1545, na mabaki yake yalipoinuliwa kutoka baharini mwaka 1982 zilikuwa zimepatikana pinde nzima zaidi ya 130. Mgongo wa pinde hizo ulikuwa ule mti mweupe ulio karibu na gome, ambao hunyooka bila kukatika, na tumbo lilikuwa kiini cha mti, ambacho hustahimili kubanwa.

Jambo la pili la kukumbuka ni unene. Mkono wa upinde ukifanywa mpana mara mbili, ugumu wake huongezeka mara 2 tu. Lakini ukifanywa mnene mara mbili, ugumu huongezeka mara 8. Ndiyo sababu kukwangua kidogo tu kwaweza kuubadili upinde mzima, na fundi mwenye haraka huuharibu.

KUCHAGUA NA KUKAUSHA MTI

Upinde unaoelezwa hapa ni ule ulio rahisi kuliko yote, wa kipande kimoja cha mti, wenye kuvutwa kwa nguvu ya kilo 12 hadi 18. Nguvu hiyo yamtosha mtu anayejifunza.

Katika nchi kavu za Afrika ya Mashariki, mkone ni mmoja wa miti ambayo watu wameitumia kwa pinde na kwa mipini. Mti wowote mwingine mgumu wenye kunepa bila kukatika waweza kujaribiwa. Uwe umenyooka, bila mafundo wala matawi, urefu wake ulingane na kimo cha mtu, yaani kama sentimita 170, na unene wake uwe sentimita 8 au zaidi. Ukatwe mahali penye ruhusa ya kukata.

Gogo lipasuliwe katikati kwa shoka na kabari, lisikatwe kwa msumeno, kwa maana mpasuko hufuata nyuzi za mti na msumeno huzikata. Gome liondolewe kwa uangalifu, na uso ule ulio chini ya gome uachwe kama ulivyo. Huo ndio mgongo, na tangu saa hiyo chombo chenye makali kisiuguse tena. Miisho ya kipande ipakwe rangi au nta ili isipasuke, kisha kipande kilazwe kivulini penye hewa kwa miezi kadhaa. Mti mbichi hupinda usirudi.

KUCHONGA

Mti ukiisha kukauka, mstari uchorwe katikati ya mgongo kutoka ncha hata ncha, na umbo lichorwe kwa kuufuata. Kishikio kiwe katikati, urefu wake sentimita 10 na upana wake sentimita 3. Kila upande wa kishikio mkono uanze na upana wa sentimita 5, kisha upungue polepole mpaka sentimita 1 na nusu kwenye ncha. Kishikio kiachwe kinene ili kisipinde.

Tezo au panga yafaa kwa kazi ya kwanza. Baada ya hapo itumiwe randa au tupa, na mwisho kisu cha kukwangulia. Kazi yote ya kupunguza unene hufanywa upande wa tumbo. Unene wa mikono uanze kama sentimita 2 karibu na kishikio na upungue kidogo kidogo kuelekea ncha. Kingo zote kali ziviringishwe, kwa sababu mpasuko hupenda kuanzia kwenye ukingo.

KUSAWAZISHA MIKONO

Hapa ndipo fundi ajulikanapo. Kwanza ncha moja hushikizwa ardhini, na kishikio husukumwa kwa mkono mpaka upinde unepe kidogo. Fundi hutazama: mkono wanepa wote sawasawa, au pana mahali palipokaza kama fimbo na pengine palipovunjika kama goti? Kanuni ni moja: hukwanguliwa palipo pagumu, wala hapaguswi kamwe palipo dhaifu.

Kila baada ya kukwangua mara chache, upinde huvutwa kidogo mara 20 au 30 ili mti uzoee, ndipo hutazamwa tena. Mikono ikiisha kunepa sawa, mapengo madogo hukatwa pande mbili za kila ncha, na upote hutiwa. Kisha upinde huwekwa juu ya ubao uliosimamishwa, wenye mapengo ya kushikia upote, ili fundi arudi nyuma aone mikono yote miwili kwa pamoja. Mizani ya ndoano yaweza kutumiwa kupima nguvu. Upinde usivutwe kupita nguvu iliyokusudiwa, wala usiachwe ubaoni umevutwa.

Upote waweza kusokotwa kwa nyuzi za kitani, au kwa mkonge mzuri ikiwa upinde ni mwepesi. Upinde ukiwa tayari, nafasi kati ya kishikio na upote iwe kama ngumi yenye kidole gumba kilichosimamishwa, yaani sentimita 15 hivi. Mwishowe mti husuguliwa kwa msasa na kupakwa mafuta au nta ili unyevu usiingie.

KUUTUNZA NA KUUTUMIA

Upinde usiachiliwe kamwe bila mshale, kwa maana nguvu ambayo ingekwenda na mshale huurudia mti wenyewe na kuuvunja. Kazi ikiisha, upote uondolewe. Ishi alikuwa akiulaza upinde wake wala hakuusimamisha pembeni, akisema kwamba upinde uliosimama hutoka jasho na kudhoofika.

Chombo hiki ni cha kulengea shabaha tu, wala si cha wanyama. Gunia lililojazwa majani makavu latosha kuwa shabaha, na nyuma yake pawe na ukingo wa udongo. Mtu yeyote asisimame mbele ya mpigaji, na mshale usipigwe juu hewani. Watoto wawe pamoja na mtu mzima. Mchezo huu una heshima duniani. Ulirudishwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1972, na mwaka 2016 mpiga mishale wa Kenya, Shehzana Anwar, ndiye aliyechukua bendera ya taifa kwenye ufunguzi wa Michezo ya Rio de Janeiro.

KUFUNDISHANA

Upinde wa kwanza wa mwanafunzi mara nyingi huvunjika. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Vipande visitupwe motoni kabla ya kutazamwa. Ikiwa vibanzi vimeinuka mgongoni, nyuzi za mti zilikatwa au mti ulikuwa na kasoro. Ikiwa tumboni pana mikunjo myembamba kama ya ngozi, mahali hapo palikwanguliwa kupita kiasi, pakanepa kuliko penginepo. Mzee aliyevunja pinde nyingi huweza kumwonyesha kijana makosa hayo kwa dakika chache, na kijana akiwa peke yake huenda akahitaji miaka kuyagundua.

Kwa hiyo mahali penye mzee ajuaye kazi hii, vijana wa kijiji au wa shule wafanya vema kumwendea naye angali na nguvu za kushika tezo, na kuandika maneno anayoyatumia, majina ya miti yake, na majira anayoikata. Na yule amalizaye upinde wake wa kwanza, upinde wake wa pili autengeneze akiwa na mwanafunzi kando yake.