GAZETI LA UKUTANI: JINSI YA KULIANDIKA NA KULITUNZA LISIFE



Vijana wengi wamefika kituoni kwetu kuuliza namna ya kuanzisha gazeti la ukutani katika kijiji chao. Wengine walikwisha kuanza: wakabandika karatasi ya kwanza, ya pili, kisha ubao ukabaki mtupu. Katika toleo hili tunaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua. Mimi mwenyewe nimeifanya kwa miaka minne katika kambi yetu hapa Kigoma, na mengi ya haya nimejifunza kwa kukosea.

Gazeti la ukutani ni nini?

Ni karatasi kubwa moja au mbili zinazobandikwa kwenye ubao, mahali watu wanapopita, na kubadilishwa kwa siku maalum. Halihitaji mashine wala umeme. Linahitaji karatasi, kalamu ya wino mzito, penseli, rula, na watu watatu au wanne wenye moyo wa kazi. Ni kweli siku hizi kuna simu. Lakini si kila nyumba ina simu, na mwenye simu hana chaji kila siku. Tena ujumbe wa simu mara nyingi hufika bila jina la aliyeuandika. Karatasi ya ukutani, kila mtu anajua imeandikwa na nani na anajua pa kumkuta.

Wakimbizi kuandika habari zao wenyewe si jambo geni. Katika kambi ya Kakuma, Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1992, wakimbizi walianzisha gazeti lao mwezi Desemba 2008. Waliliita Kakuma News Reflector, kwa kifupi KANERE. Waandishi walitoka nchi mbalimbali, Wakongo wakiwemo, wakishirikiana na Wakenya. Sisi tunaanza na ubao mmoja, lakini kazi ni ile ile.

1. Mjue msomaji wako

Kabla ya kuandika, jiulizeni: nani anapita hapa? Ubao wa bombani husomwa na akina mama na watoto wanaosubiri maji. Ubao wa karibu na shule husomwa na wanafunzi na walimu. Andikeni yale ambayo watu hao wanaulizana: siku ya mgao, chanjo ya watoto, masomo ya jioni, mpira, mtu aliyepotelewa na kadi. Andikeni kwa Kiswahili chepesi. Kama jirani zenu wengi ni Warundi, mwombeni mmoja wao aweke ufupi wa habari kwa Kirundi. Na kumbukeni kwamba wengi hawasomi, wanasomewa. Kwa hiyo sentensi iwe fupi, ili anayesoma kwa sauti asikwame katikati.

2. Chagueni siku, na msiibadilishe

Hiki ndicho kinachoua magazeti mengi. Vijana huanza kwa nguvu, wanaahidi karatasi kila siku, na baada ya wiki tatu wamechoka. Ni afadhali karatasi moja kila Ijumaa ya pili, kwa miaka, kuliko saba kwa wiki moja. Watu wakizoea siku yenu, watakuja wenyewe. Mkikosa siku mbili mfululizo, hawatarudi.

Ili msikose, wekeni akiba. Katika daftari moja andikeni makala tatu au nne zisizochacha, ambazo zinafaa wakati wowote: jinsi ya kusafisha dumu la maji, jinsi ya kuandika barua ya maombi, jinsi ya kumsaidia mtoto anayeharisha. Wiki ambayo hakuna habari, au mwandishi anaumwa, toeni moja katika akiba.

3. Hakikisheni kabla ya kuandika

Habari moja, watu wawili. Hiyo ndiyo kanuni yetu. Mtu wa kwanza anakuambia. Wa pili, ambaye hakuambiwa na yule wa kwanza, anathibitisha. Habari ya mgao muulizeni kiongozi wa kijiji na pia watu wa kituo cha mgao. Habari ya chanjo ulizeni zahanati. Kama hakuna wa kuthibitisha, msiandike, hata kama kambi nzima inaisema.

Tarakimu zote zisomwe na mtu mwingine kabla ya kubandika. Chukueni mfano wa maji ya kumpa mtoto anayeharisha, pale ambapo hakuna pakiti za dawa kutoka zahanati: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha. Mwandishi akigeuza chumvi na sukari kwa kusinzia, ameandika sumu kwa mtoto mchanga.

Nieleze kosa langu. Mwaka wa kwanza niliandika kwamba mafuta ya kupikia yatagawiwa Jumanne. Nilikuwa nimesikia kwa mtu mmoja tu, bombani. Jumanne mama mmoja wa upande wa mbali alimwacha mtoto mgonjwa kwa jirani, akatembea, akasimama juani mpaka saa nane mchana. Hapakuwa na mafuta. Kesho yake alinikuta nikiwa mbele ya ubao. Hakunigombeza. Aliniambia, "Mwanangu, mimi sijui kusoma. Nilisomewa karatasi yako, nikaamini kwa sababu imeandikwa."

Tangu siku hiyo sijaandika habari ya mtu mmoja.

4. Mkikosea, sahihisheni hadharani

Msiondoe karatasi usiku kimya kimya. Andikeni SAHIHISHO mahali pale pale, kwa herufi za ukubwa ule ule, na mseme wazi: "Tuliandika hivi. Haikuwa kweli. Ukweli ni huu." Mimi niliona haya sana kufanya hivyo. Baadhi ya wenzangu walisema watu watatucheka, na wengine kweli walicheka.

Lakini sikilizeni yaliyofuata. Miezi michache baadaye ulienea uvumi kwamba kuna orodha mpya ya kwenda nchi ya tatu, na kwamba mtu anayetoa fedha jina lake linawekwa mbele. Jirani yangu mmoja alikwisha kutoa vitenge vyake vyote sandukuni ili aviuze. Kisha akasema, "Ngoja kwanza nione Ijumaa vijana wameandika nini." Tulikwenda kuuliza ofisini, tena kwa watu wawili, tukaandika kwa herufi kubwa: huduma za UNHCR ni bure, kuhamishiwa nchi ya tatu hakuuzwi, na anayedai fedha aripotiwe. Vitenge vilirudi sandukuni. Nilipomuuliza kwa nini alisubiri karatasi yetu, alijibu: "Nyinyi mkikosea mnasema."

5. Lindeni majina ya watu

Wengi wetu tulikimbia kwa sababu kuna aliyetutafuta. Jina, kijiji mtu alikotoka na namba ya nyumba yake vikiwekwa ukutani, vinaweza kusomwa na yule yule aliyemkimbia. Kwa hiyo:

- Msiandike jina la mtu bila ruhusa yake. Msomeeni habari yote kwanza, na akikataa, basi.
- Msiandike kamwe jina la aliyebakwa, aliyepigwa nyumbani au mwenye ugonjwa, wala maelezo yanayomtambulisha.
- Mtoto aliyepotea pelekeni habari zake kwa wahusika wa watoto kwanza, na wao ndio waseme nini kibandikwe.
- Mtuhumiwa si mkosaji. Kesi iacheni kwa wahusika.

Wala msiandike neno la kulidharau kabila au taifa lolote, hata kwa utani. Ukanda wetu unajua mwisho wake. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha kwa ajili ya Rwanda iliwatia hatiani watu watatu kwa yale yaliyofanywa kupitia redio RTLM na gazeti la Kangura wakati wa mauaji ya 1994 na kabla yake.

6. Kuandika, kubandika na kutunza

- Ombeni kibali kwa kiongozi wa kijiji na ofisi ya Mkuu wa Kambi kabla ya kuweka ubao. Ubao usio na kibali hung'olewa.
- Habari muhimu iwe juu. Sentensi ya kwanza ijibu: nini, wapi, lini, nani anahusika.
- Kichwa cha habari kiwe na herufi za sentimita 4 hivi, ili mtu aliye mbali avutwe. Pigeni mistari kwa penseli kwanza.
- Karatasi iwe usawa wa macho, lakini habari za watoto ziwekwe chini. Anayetembelea kiti cha magurudumu naye asome.
- Mvua hapa huanza Oktoba au Novemba. Ubao uwe chini ya paa au ufunikwe kwa kipande cha turubai.
- Gundi si lazima kununua. Kijiko kimoja cha unga kilichopikwa kwa maji kidogo mpaka kinate kinatosha karatasi mbili. Unga ni chakula, msizidishe.
- Andikeni tarehe juu ya kila karatasi. Ikiondolewa, itunzeni kwa mpangilio. Siku moja mtu atauliza mlisema nini.

7. Wapeni watu nafasi ya kujibu

Wekeni sanduku dogo chini ya ubao, au kijana mmoja akae pale saa moja kila siku ya toleo, asikilize na kuwaandikia wasiojua kuandika. Barua ya malalamiko isomwe na kikundi chote. Kama ni ya kweli, ibandikwe, na anayelalamikiwa apewe nafasi ya kujibu katika toleo hilo hilo. Kama inahusu hatari kwa mtu, isibandikwe. Pelekeni kwa wahusika wa ulinzi siku hiyo hiyo.

Ndugu vijana, karatasi ni rahisi kupata. Kinachopatikana kwa taabu ni imani ya mama yule asiyejua kusoma. Kikundi chochote kinachotaka kuanza kifike kituoni na majina ya waandishi wake, mahali pa ubao, na siku mliyochagua. Tutakaa pamoja tuandike toleo la kwanza.

Aliyesoma amsomee mwenzake.